Boliti ya Dukani

Boliti ile iling'aa kuliko nyingine zote, na hilo ndilo lililomkera Fundi Sikudhani. Meneja alikuwa ameinunua asubuhi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, palepale wanapouza misumari na mabati, kwa sababu boliti halisi ya ndege, yenye cheti chake, ingechelewa wiki mbili.

"Si ukubwa ni uleule?" alisema Meneja. Sikudhani akaifunga kwenye mhimili wa bawa.

Enzi za marehemu Mzee Kilemile, aliyemfundisha kazi, karakana ilikuwa na desturi moja: fundi aliyefunga ndiye anayepanda kwanza. Walikuwa wakizunguka mji mara moja hewani, mzee akitafuna karanga na kumwonyesha paa la nyumba yake kila safari, utadhani ameezeka jana. Boliti isiyo na cheti aliitupa pipani bila hata kuigeuza.

Rubani Haule akawasha injini, akachungulia dirishani akicheka. "Dada Sikudhani! Abiria bado. Panda tuzunguke mji, kama enzi za Mzee!"

Sikudhani akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Wa pili ukagoma.

"Zima injini, kaka," akasema, akachukua spana.

Meneja alitoka ofisini mbio, akaikuta boliti imeshafunguliwa, iko kiganjani mwa Sikudhani.

"Irudishe! Abiria wako getini!"

"Nitairudisha, bosi. Ila tutapanda wote, wewe utangulie."

Meneja akageuka, akaitazama ile ngazi ya vipago vitatu.