Raja Mwenye Shingo Nyeupe

Mbaruku alishika maikrofoni ya gari la sinema la serikali ya Kiingereza, akawatafsiria watu uwanjani. Kwenye kitambaa cheupe cha sinema, raja, mfalme wa Kihindi, alikuwa akimpigia magoti ofisa wa Kizungu na kulia: bila nyinyi, Bwana, nani atatutawala?

India ilikuwa imekwisha kujitawala. Nachingwea nzima ilijua.

"Mama, shemeji yako huyo!" kijana mmoja alimtania Mhindi mwenye duka la kanga. Mama wa watu akainama.

Ndipo Mbaruku alipoiona shingo ya raja. Jasho lilikuwa limechimba mfereji katika rangi nyeusi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kama ya bosi wake Mzungu aliyesimama kando ya mashine.

Akisema, kazi ataipoteza; alijua.

"Jamani, mtazameni shingoni. Si Mhindi huyu. Ni Mzungu kapakwa rangi, anampigia magoti Mzungu mwenzake!"

Yule mama aliinua uso, akatazama, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Uwanja mzima ukacheka naye. Bosi akampokonya Mbaruku maikrofoni, akazima mashine.

Gizani mzee mmoja wa kijiji cha Chiola akauliza, "Na sisi je, kwenye sinema zao wamempaka nani awe sisi?"

Hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.