Bega la Mwanamvua

Mwanamvua alikuwa ameapa kwamba leo atapiga ngoma kwa mikono tu. Mume wake alikuwa akioa mke wa pili, na mjini hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumtoa biharusi kwa ngoma. Atapiga, basi, ila bega lake la kushoto halitacheza. Bega hilo ndilo lililomshikia mapigo tangu akiwa kigori, na watu wakiliona linatikisika husema mwenye ngoma kafurahi.

Akapiga. Mara mbili mikono ikapotea, na makofi ya wanawake yakapishana.

"Wifi, bega limekufa ganzi?" Hadia, dada wa mume, akacheka. "Au wivu umelikaza?"

"Limechoka tu, wifi."

"Lichoke kesho. Leo usituaibishe."

Mapigo yakamponyoka mara ya tatu, na hilo Mwanamvua hakuweza kulivumilia. Bega likapanda, likashuka. Ngoma ikakaa sawa.

Vigelegele vikapasuka. "Jamani mwoneni, karidhika!"

Mlango ukafunguliwa, biharusi akatoka. Alikuwa msichana mdogo, na kutembea kwa ngoma hakujui, kwa hiyo akalikazia macho bega la mpigaji. Likipanda, naye anainua mguu. Likishuka, anakanyaga. Hivyo hivyo akaletwa mpaka ukingoni mwa mkeka alipoketi mume.

Hapo Mwanamvua akalipandisha bega, akalizuia huko huko juu. Biharusi akabaki na mguu mmoja hewani, akimtazama, akingoja kuambiwa akanyage.