Wimbo wa Mbayuwayu

Wasichana walinyamaza ghafla walipofika uani kwa Bibi Yivha, wakapita wakinyata juu ya theluji. Kwa jirani, sauti zikapaa tena.

Bibi Yivha alikuwa mlangoni na sinia la mikate ya jibini. Alihisi kama kazabwa kofi. Mkesha wa mwaka mpya, kijiji kizima kiimbiwe, yeye arukwe? Yeye aliyewafundisha wimbo wenyewe?

Wimbo ulikuwa wa bibi zake, wa tangu enzi ambazo mwaka ulianza mbayuwayu wanaporudi: ndege anaingia uani, anamwita mwenye nyumba atoke aone wanakondoo waliozaliwa. Kiangazi kilichopita mwalimu wa kwaya alikuja kutoka mjini akauandika kwenye daftari. Yivha alimpa maneno. Masharti aliwaachia wasichana: waanze na mwenye nyumba, wasiongeze lao, wasiimbe penye msiba, wasiondoke bila kurusha ngano mlangoni.

Mwaka huu aliutaka kuliko miaka yote. Ostap, mwanawe wa pekee, alikuwa vitani, na barua zilikatika tangu mavuno. Nyumba iliyoimbiwa huuona mwaka wa heri. Isiyoimbiwa, je? Aliogopa hata kulimaliza wazo hilo.

Ni yule Motria, akawaza, kiongozi wao. Ameniwekea kinyongo kwa sababu nilimsema juzi kuhusu bata wangu. Na siku yenyewe ilianza kwa nuksi: asubuhi karani wa kijiji alisimama langoni pake, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake bila hata salamu.

Akatoka na sinia lake, akawafuata huku akiteleza. Walipomwona, wimbo ukakatika katikati. Hakuna aliyeinua macho.

“Motria, mwanangu, nisamehe,” alisema, na hakuwa mtu wa kuomba radhi. “Yale ya bata yalikuwa hasira tu. Niimbieni kidogo, kwa ajili ya Ostap. Hata mstari mmoja.”

Alimnyooshea mkate. Motria hakuupokea. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akakishusha.

“Si bata, Bibi,” alisema. “Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha nyumba gani haziimbiwi.”