Lipu ya Nungunungu

Hekaya hii wengi huibahatisha. Anayeijua sawasawa ni mimi.

Nungunungu, mjane asiyekaribiwa na yeyote kwa sababu ya miiba yake, alimwita fundi Nyigu aje kupiga lipu ukuta wa nje. Nyigu, mwenye majivuno ya kazi safi, akamaliza, akanywa chai, akaaga. Kesho yake akaitwa: lipu imechubuka. Akaziba. Keshokutwa, imechubuka tena.

"Mama wee!" Nyigu akafoka. "Hii si mikwaruzo ya miiba yako?"

"Ni yangu, baba."

"Si ungenialika chai tu, nije?"

"Majirani wote nimewaalika. Anayekuja ni fundi peke yake."

Nyigu akachukua mwiko, akaibandua lipu yote.

"Kazi mbovu hii, mama," akasema. "Kesho naanza upya."