Koti la Marehemu

Tangu sheria ya kitulizo ianze, kila mfiwa hubandikwa kidude nyuma ya sikio ili kuizima ile sehemu ya ubongo inayouma. Hakibanduliwi tena. Hakuna anayezirai msibani, na sisi watani, tuliozoea kumwigiza marehemu ili kuwachekesha wafiwa, tumebaki bila kazi.

Hata hivyo, tulipotoka kumzika Mbwambo nilitimiza wajibu wangu. Yeye Mpare, mimi Mchaga. Ni haki yangu. Nikavaa koti lake, nikaingia sebuleni nikichechemea kama yeye na kufoka kwa sauti yake, “Nani kakalia kiti changu?”

Zamani watu wangecheka huku machozi yakiwatoka. Safari hii walitabasamu tu. Mjane wake, Namkunda, akanisogezea kiti.

“Umechelewa, Baba Niwael. Chakula kimepoa.”

“Shemeji, ni mimi, Elinami. Mtani wenu.”

Nikavua koti. Akanivalisha tena, akafunga vifungo taratibu, uso umemchangamka. Dirishani kaburi lilionekana, udongo bado mbichi. Hapo nikaelewa: ubongo usioumia haujui kwamba mtu ameondoka.

Nikageukia mlango. “Niache niende, shemeji. Mke wangu Ndeshi ananingoja nyumbani.”

Namkunda akanitazama kwa mshangao.

“Ndeshi yupi? Yule wa Elinami? Si tulimzika Machi, mume wangu?”

Nikapapasa nyuma ya sikio langu. Kidude kilikuwapo, cha moto. Nilingoja niumie, sikuumia. Nikavuta kiti, nikala.