Imara Yenye Muhuri

Mkaguzi wa majengo aliupiga ukuta teke, na aliyeumia ni yeye. Akachechemea, akajifanya anahesabu hatua.

"Udongo na chokaa!" alisema kwa dharau. "Halafu unaniambia nyumba imara, mama?"

"Imesimama miaka arobaini, mwanangu. Marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake."

"Hata kisiki kinasimama."

Mtaani walimwita Bwana Muhuri. Mwezi uliopita aliiandikia nyumba ya jirani "si imara", na kabla ya adhuhuri ilikuwa kifusi. Leo alikuja na lori lililofunikwa turubai, na wanaume wanne wenye mikono ya kazi. Mjane hakuwa na pengine pa kulala. Alimwogopa mtu huyu, na alimdharau zaidi ya alivyomwogopa.

"Imara ni neno la wataalamu," Bwana Muhuri aliendelea, akikung'uta vumbi jeupe mabegani. "Si kila kibanda kilichogoma kuanguka kiitwe imara. Jengo lipimwe, lipigwe muhuri, hapo ndipo linakuwa imara. Kama ofisi yetu. Ghorofa tatu, nguzo za zege, muhuri niliupiga mwenyewe."

Ndiye msomi wetu huyo: mdomo umejaa zege, paji la uso limebandikwa plasta.

Akapima upana wa mlango. Akauliza kama paa linavuja.

"Halijavuja hata siku moja," mjane akamjibu kwa ukali.

Akahesabu soketi za umeme, chumba kwa chumba. Hata soketi anazitamani, mjane aliwaza. Fisi huyu hasazi mfupa.

Mwishowe akatoa karatasi. "Kuanzia leo nyumba hii ni ya ofisi. Weka sahihi."

"Siweki. Bomoeni nikiwa ndani."

Akaketi kizingitini. Bwana Muhuri akawapungia mkono wale wanne, turubai likafunuliwa. Mjane akafumba macho, akangoja nyundo.

"Samahani, mama, tupishe kidogo."

Akafumbua. Walikuwa wamebeba meza ya miguu mitatu na kabati lililojaa vipande vya dari.

"Tuviweke chumba kipi?" mmoja aliuliza kwa unyenyekevu. "Kule ofisini, ghorofa ya pili imekalia ya kwanza tangu asubuhi."

Mjane akamgeukia Bwana Muhuri, akamtazama ile plasta.

"Na muhuri je, umeuokoa, au nao umefukiwa?"