Siku Makumbusho Yalipofurika

Mwajabu alikuwa ameikumbatia nanga ya chuma, na wapakiaji wawili walikuwa wakimvuta miguu. Nje, lori lilikuwa limeshageuzwa, kitako kikitazama mlango wa makumbusho.

"Dada, tuachie. Sisi tumetumwa tu."

"Basi nipakieni na mimi! Huko mjini waambieni nanga imeota mwanamke!"

Bwana Abdulkarimu, ofisa aliyekuja na lori, alijifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. Makumbusho ya bahari ya Nyamisati yalikuwa chumba kimoja, zamani ghala la boriti za mikoko. Ndani mlikuwa na nanga, kengele ya meli, dira iliyokufa, na ubavu mmoja wa mtepe, chombo ambacho babu yake Mwajabu alikishona kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mwajabu aliitisha warsha juu ya warsha: ya kusuka kamba, ya kusoma nyota, ya nyimbo za makasia. Ya mwisho walihudhuria bibi kiziwi na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho.

"Bibiye, makumbusho bila watu ni stoo," ofisa alisema. "Leo si una warsha nyingine? Nakupa mpaka alasiri. Chumba kikijaa, lori linarudi tupu. Kisipojaa, usinililie."

Mwajabu akaiachia nanga. Alikwenda nyuma ya nyumba, akajikunja chini, akalia kilio cha mtu asiye na pa kushika. Nani angeacha mpunga wake uliwe na ndege ili aje kutazama kamba kuukuu?

Huko nyuma, katika kijumba cha uani, ndiko alikokaa mjomba wake, Mzee Bwanaheri, mlinzi wa makumbusho na mwongo mashuhuri wa delta nzima. Ndiye aliyewahi kuapa kwamba alichemsha chai juu ya mgongo wa kiboko akidhani ni kisiwa, na kiboko akaomba sukari iongezwe.

"Mjomba, wanauchukua! Mtepe wa babu wanauchukua!"

Bwanaheri akatema tumbaku. "Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Si ina namba za watu wote? Maparoni, Mtunda, kote? Lete."

Aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, akifuta na kuandika tena. Alipoirudisha, simu ilikuwa imekwisha chaji.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia waje. Sasa mimi nakwenda zangu mikokoni. Watu wakijaa, usinitafute kunishukuru."

Mwajabu akapanga mabenchi. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakaswali, wakatawanyika. Wapakiaji wakaanza kukunjua kamba zao. Aliitazama njia ya bandarini: kuku tu. Aliomba dua ambayo haikuwa hata na maneno.

Kisha akatokea mwanamke mmoja. Nyuma yake wengine wanne. Nyuma yao mashua za injini zikagonga gati, zikawamwaga watu wa Maparoni kama dagaa. Wa Mtunda walikuja kwa pikipiki, wamepakiana mishikaki. Wanaume wengi walikuwa na majembe begani. Wameacha kazi shambani kwa ajili yangu, Mwajabu aliwaza, na moyo ukamwuma kwa shukrani. Wanawake walibeba mchele, kuni na masufuria. Kumbe mjomba kawaambia mpaka kwamba fungu la chakula hakuna!

Safina, shoga yake wa tangu chuoni, alimkumbatia, machozi yakimlowesha bega.

"Pole, shoga yangu. Tumepata habari, hatukuamini."

"Hata mimi asubuhi nilidhani ni utani," Mwajabu alisema. "Lakini gari lenyewe si lile pale."

Safina akalitazama lori, akazidi kulia.

Mabenchi yakajaa, mikeka ikajaa, madirisha yakajaa vichwa. Mwajabu alisimama mbele, akaeleza jinsi babu yake alivyozitoboa mbao na kuzishona, jinsi vidole vyake vilivyochubuka mpaka vikawa vigumu kama kwato. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga soga. Mtoto mmoja alipoguna, bibi yake alimfinya: "Nyamaza! Mwache dada aseme, apunguze machungu." Mwajabu alipogawa makumbi ya kusukia, watu wazima waliyapokea kwa mikono miwili, wakasuka kimya, vichwa chini. Alipofika kwenye siku ile mtepe uliposhushwa majini, nusu ya chumba walikuwa wanapangusa macho. Hata mpakiaji mmoja alipenga kamasi.

Bwana Abdulkarimu alisimama.

"Nimezunguka makumbusho mengi," alisema, "sijaona wananchi wanaoililia historia yao namna hii. Jamani, nimeshindwa. Hapa hakitoki kitu. Lori linarudi tupu."

Mwajabu akaanguka magotini. Watu wakatazamana, mnong'ono ukapita benchi hadi benchi.

"Kuna mwenye swali?" ofisa aliuliza, akitabasamu.

Mzee mmoja wa Maparoni aliinuka taratibu, akajiegemeza kwenye jembe lake.

"Letu ni dogo, mheshimiwa. Maji yanakupwa, na mashua zetu zitakaa tope. Maiti ya Bwanaheri tunaizika saa ngapi?"